Nukta Nyekundu kwenye Kadi

Kuna mume mmoja nilimhesabu mara tatu ndani ya wiki moja. Jumatatu alikuja kliniki akiwa mume wa Albertina. Jumatano akaja akiwa mume wa jirani yake Albertina. Ijumaa akaingia tena, kabadilisha shati, safari hii akiwa mume wa mwanamke ambaye jina lake alilisahau palepale mlangoni, ikabidi mwenyewe amnong'oneze. Nikamwambia, "Hemedi, karibu. Wake zako wote watatu wana mimba ya miezi minne. Wewe ni mwanamume au ni mvua za masika?"

Hemedi alikuwa dereva wa bodaboda pale Kilambo. Hakuona haya hata kidogo.

"Sista, si ninyi mliosema mama asiyekuja na mume hapokelewi? Waume wa hawa wako ng'ambo, Msumbiji huko, kwenye shughuli zao. Sasa wafanyeje, waiambie mimba isubiri?"

"Kwa hiyo ukajitolea."

"Nimejitolea kwa damu yangu, sista. Tazama." Akanyoosha mkono. Kila mume aliyekuja kliniki alitobolewa kidole apimwe virusi vya Ukimwi pamoja na mkewe, na Hemedi alikuwa na vidole viwili vimeshatobolewa, cha tatu kinangoja zamu. "Majibu yangu ya Jumatatu hayajachacha. Nihurumie kidole."

Nilicheka siku ile, na bado nacheka. Lakini nilipotulia nikaenda kuutafuta ule waraka wenyewe uliotuletea habari ya waume. Niliusoma mara mbili. Ulisema mama ahimizwe kuja na mwenzi wake. Haukusema popote kwamba akija peke yake arudishwe. Kurudisha tulikuongeza sisi wenyewe pale mlangoni, kwa sababu kurudisha mtu ni rahisi kuliko kumhimiza.

Nawaandikia ninyi wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi na ukunga. Mwalimu wenu aliniomba kurasa ishirini. Nikampa tatu. Akasema kumi na mbili. Tulifika mahali fulani hapo katikati, kila mmoja akaondoka akidhani kapunjwa, na kwangu hiyo ndiyo dalili ya mapatano mazuri. Mimi kwetu ni Nanyamba, kwenye mikorosho, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Kilambo, mwendo wa pikipiki usiozidi robo saa kutoka mto Ruvuma. Waliokuja kwetu walikuwa wenyeji, wakulima wa korosho na mihogo, pamoja na familia zenye asili ya Msumbiji. Baadhi yao walivuka mto wenyewe zamani, wakati wa vita. Wengi zaidi ni bibi zao ndio waliovuka. Wanalima kama sisi na wanasema Kimakonde kama wenyeji wengi wa huku, ila lafudhi inapinda kidogo, na majina yao mengi ni ya ubatizo wa Kireno. Wenyeji wakikasirika huwaita Wamawia, wakimaanisha watu wakali, washamba wa ng'ambo. Pale mapokezi kwetu jina hilo lilitumika hata na mtu asiyekasirika, kama mtu anavyosema Jumanne.

Kuhesabu nilifundishwa na Bi Somoe, mkunga mkuu wa wodi niliyoanzia mjini Mtwara. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vizito, asiyependa salamu ndefu. Unapomshona mama baada ya kujifungua, unatumia gozi, vile vitambaa vyeupe vya kufyonza damu. Bi Somoe alitaka uzihesabu kwa sauti kabla hujaanza, na uzihesabu tena kwa sauti ukimaliza. Zimeingia kumi, zitoke kumi. Siku moja zikatoka tisa. Tulipiga magoti wanafunzi wanne, tukatafuta chini ya kitanda, ndani ya ndoo, kwenye mikunjo ya mashuka, mmoja akaanza kulia. Bi Somoe alisimama tu anatutazama. Baada ya muda akainua mguu. Gozi ilikuwa chini ya kiatu chake, aliiweka mwenyewe.

"Leo iko chini ya kiatu," akasema. "Siku nyingine itakuwa ndani ya mtu. Hesabuni mara mbili."

Tangu hapo nahesabu kila kitu mara mbili. Ngazi, vijiko, nyanya za fungu sokoni. Muuza nyanya hunichukia. Na tabia hiyohiyo iliyonisaidia miaka yote ndiyo iliyonifanya nikosee kuliko nilivyowahi kukosea kazini.

Ilikuwa hivi. Dawa na vyandarua tulikuwa tunaletewa kwa kufuata idadi ya watu walioandikwa kwenye orodha za vijiji. Familia nyingi za kule mtoni hazikuwamo kwenye orodha hizo, kwa sababu hii au ile. Lakini mimba haiulizi orodha. Kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vinaisha kabla ya mwezi kwisha, na mimi napanda gari kwenda mjini kulalamika kwenye ofisi ya dawa. Bwana mmoja mezani akaniuliza, "Hao wa ziada ni wangapi?" Nikasema, "Wengi." Akasema, "Wengi si namba, sista."

Neno hilo liliniuma. Mimi, wa Bi Somoe, naambiwa sina namba! Nikarudi kituoni nikachukua kalamu nyekundu. Kila mama mjamzito niliyeona ana asili ya ng'ambo, nilimwekea nukta nyekundu kwenye kona ya kadi yake ya kliniki, na nyingine mbele ya jina lake kwenye daftari. Nukta ndogo, kama mbu aliyetua. Mwisho wa mwezi nilihesabu nukta, nikazihesabu tena, nikaenda nazo mjini. Miezi miwili baadaye nilirudi nimekaa mbele kwenye gari la kituo, maboksi ya vidonge yamejaa nyuma, najiona hakuna mjanja kama mimi kuanzia Msimbati mpaka Newala.

Maboksi yakakaa. Vidonge havikuisha tena mapema, na mimi nikadhani ni kwa sababu ya ujanja wangu. Havikuisha kwa sababu waliopaswa kuvimeza walikuwa wameacha kuja.

Niligundua siku nilipopitia daftari. Wenye nukta hawarudi. Nikasema ni msimu wa korosho, wako mashambani wanaokota. Msimu ukaisha. Hawakurudi. Mmoja wao alikuwa Filomena, na huyo ndiye aliyeninyima raha. Uzazi wake uliotangulia nilimhudumia mimi. Mtoto alitoka salama, kisha damu ikafuata kama bomba lililopasuka, akazimia mikononi mwangu. Tuliizuia kwa shida. Nilimwambia siku ile, na nikamrudia alipokuja na mimba hii: usithubutu kuzalia nyumbani. Sasa mimba ilikuwa imevuka mwezi wa nane, na hakuna aliyemwona kituoni.

Nikampigia Hemedi, tukaenda kwa pikipiki yake. Njiani akaniuliza kwa sauti ya juu kuushinda upepo, "Sista, unajua kule wanakuitaje?"

"Sista Hawa. Wataniitaje tena?"

"Mama Nukta."

Niliona jina baya, ila sikuona kosa.

Filomena alikuwa uani anamenya mihogo ya kuanika, tumbo limeshashuka. Kando yake kwenye mkeka alikaa Bibi Rosa, bibi yake mzaa mama, aliyemlea. Bibi Rosa alikuwa na chale za Kimakonde uso mzima, mistari iliyopangwa vizuri kuliko maandishi yangu. Ndiye aliyezalisha wanawake wengi wa pale, na alijua nilichokuja kutafuta kabla sijavua kofia ya pikipiki.

"Karibu, sista," Filomena akasema bila kuacha kisu. "Umekuja kuhesabu?"

"Nimekuja kukuona, mwanangu. Wiki nane hujatokea."

"Tisa."

Nikahesabu kwa vidole. Zilikuwa tisa. Bibi Rosa akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Filomena akaingia ndani, akatoka na kadi yake. Alikuwa ameifunga kwenye nailoni isilowe, kaitunza kuliko tulivyozitunza sisi. Akaweka kidole kwenye ile nukta. "Hii ni nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya orodha, bwana wa mezani, vidonge, maboksi. Nilieleza vizuri, nadhani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," akasema. "Sasa na mimi nikueleze. Siku yangu ya mwisho pale tulikuwa kina mama kumi na wawili. Mimi nilifika wa pili. Wakaitwa saba wenye kadi safi. Ndipo tukaitwa sisi watano wenye nukta, na mimi nikawa wa mwisho kabisa. Nikasema labda ni siku mbaya. Wiki iliyofuata nikarudi, si kupimwa. Nilikaa kule ukutani, natazama tu. Safi, safi, safi, safi, mpaka zikaisha. Kisha nyekundu."

"Ulihesabu mara mbili," nikasema.

"Mara mbili."

Wanangu, foleni ile mimi sikuwahi kuiona. Nilikuwa nashinda chumba cha ndani, napima matumbo, sijawahi kukaa kwenye lile benchi hata siku moja. Mwanaidi, mhudumu wetu wa mapokezi, alikuwa ameikuta alama ya kumtenganishia kadi, akazitenganisha. Na kwenye benchi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kina mama wenye kadi safi walianza kusogea pembeni. Wengine walisema nukta ni ya wenye virusi. Wengine wakasema majina yenye nukta yanapelekwa uhamiaji, siku moja litakuja gari. Yote mawili yalikuwa uongo. Lakini habari ya foleni ilikuwa kweli, na mtu aliyeshuhudia moja kwa macho yake atakataaje hizo nyingine?

"Halafu mimi nimezaliwa hapa," Filomena akaendelea, sasa kisu kimesimama. "Nimesoma hapa mpaka la saba. Ulijuaje kwamba mimi ni wa nukta?"

"Jina," nikasema.

"Filomena. Na Hawa ni jina la Nanyamba?"

Hemedi akageuka kutazama pikipiki yake kama vile imemwita. Bibi Rosa akacheka waziwazi, kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Mimi nilishakwenda hospitali mara moja, mjini, mambo ya zamani. Nilikuwa na kidonda. Akaja nesi, akanitazama usoni, akaenda kumwita mwenzake. Wakaja watano. Wananitazama uso, wanaulizana niliumia sana nilipochanjwa. Mimi nilikuwa nimepeleka mguu."

"Mguu ulipona, bibi?"

"Ulipona nyumbani."

Nikaona maelezo hayatanifikisha popote, kilichobaki ni kupatana. Nikaanza na hoja yangu nzito kuliko zote. "Filomena, uzazi ule ulizimia. Damu ikija namna ile hapa uani, bibi hana sindano ya kuikata. Utakufa, na mihogo hii atamalizia mtu mwingine kuimenya."

"Najua," akasema. Alisema kwa utulivu ambao ulinitisha kuliko kama angelia. "Unafikiri hilo ndilo nisilolijua? Kufa naogopa. Lakini kwenu siogopi kufa, naogopa jinsi nitakavyokuwa kabla ya kufa. Nimelala pale, nimevuliwa, kuna mtu ananiita Mmawia."

"Sema masharti yako."

"Nukta zitoke, kwangu na kwa wote. Watu waitwe kwa kufika. Na bibi aingie na mimi chumba cha kuzalia, aone kila kinachoingia mwilini mwangu na kila kinachotoka."

"Bibi asubiri mlangoni."

"Basi karibu muhogo, sista, ule uondoke."

"Aingie. Lakini akae kwenye kiti, asiguse kitu."

"Kiti chenye mgongo," Bibi Rosa akasema.

"Cha mgongo hatuna, bibi. Tuna stuli."

"Nitakuja nacho."

Nami nikaweka yangu: damu itapimwa, na ataona ni vichupa vingapi, aje wiki moja kabla, asisubiri uchungu, na ajifungulie hospitali kubwa mjini. Mawili ya kwanza walikubali. Mjini wakakataa katakata, nilishuka na kupanda, wakakataa. Mwisho tulikutana hapa: kituoni kwangu, na dereva wa gari la wagonjwa asiondoke siku hiyo. Msiige mapatano haya. Mama mwenye historia ile anatakiwa hospitali. Ile ilikuwa bei ya mwisho niliyoweza kupata kwa jina nililokuwa nimeliharibu mwenyewe.

"Na mume?" Filomena akauliza, akimtupia jicho Hemedi. "Huyu naona vidole vimekwisha."

"Mume si lazima," nikasema. Hemedi alimshukuru Mungu kwa sauti.

Kutoa nukta ilikuwa rahisi kuahidi. Wino ule haufutiki, na kadi mpya hazikuwapo. Kila nilipoagiza niliambiwa bado. Nilifikiri siku nzima. Kesho yake asubuhi nikakaa mwenyewe pale mapokezi na kalamu yangu nyekundu, na kila mama aliyefika, awe wa wapi, nikamwekea nukta. Wa nne alikuwa mke wa mwenyekiti wa kijiji kimoja cha jirani.

"Sista, unanifanyia nini?"

"Nukta tu, mama. Kwa ajili ya hesabu."

"Mimi unanitia nukta? Mimi?"

"Ni wino, mama. Wenzako wamekaa nao miezi yote hii."

"Wino gani! Kwani mimi ni Mmawia?"

Mwanamke yule akatazama kulia na kushoto, akaona waliosikia, na miongoni mwao Albertina na kadi yake ya zamani mkononi. Nikaita anayefuata.

Malalamiko yalifika mjini kabla ya mimi kumaliza zamu. Wiki ileile likaja boksi la kadi mpya, zile zilizokuwa bado. Sijui zilikuwa wapi. Mimi na Mwanaidi tulikaa siku tatu tunanakili, kadi kwa kadi, kalamu ya bluu, yeye anasoma na mimi naandika, halafu tunabadilishana tunahakiki. Siku ya pili akasema, macho kwenye karatasi, "Mimi sikuwa na nia mbaya, dada Hawa. Niliona umeziweka alama wewe. Nikajua wewe ndiye umetaka zikae kando."

Wanangu, ukiweka alama kwa mtu, usidhani utabaki wewe peke yako wa kuamua inatumikaje.

Baada ya hapo fundi seremala alitukatia vibao vyenye namba. Ukifika unachukua, ukiitwa unarudisha. Kila jioni nilivihesabu, na kweli, mara mbili.

Filomena alikuja kama tulivyopatana. Hemedi alipiga safari tatu mchana ule: ya kwanza alileta kiti, ya pili Bibi Rosa, ya tatu Filomena mwenyewe na beseni lake la nguo. Kiti kilikuwa cha mninga, kina mgongo na mikono, kikapita mapokezi kama mgeni rasmi. Alikaa siku nne. Alitolewa damu, vichupa viwili, Bibi Rosa akaviangalia vikiandikwa jina. Uchungu ulimshika asubuhi, na kabla ya adhuhuri akajifungua mtoto wa kike, analia vizuri, rangi nzuri. Nikampa mama sindano ya paja ya kulibana tumbo la uzazi. Kondo la nyuma likatoka zima.

Kisha damu ikaja.

Sitawapamba. Ilikuja kama mara ile. Nikaweka mkono juu ya tumbo nikasugua mpaka nikalihisi linakaza kama nazi, na damu bado inakuja. Tumbo likiwa gumu na damu haikomi, wanangu, acheni kulilaumu tumbo, tafuteni mchaniko. Niliagiza gari liwashwe, drip ikatundikwa, taa ikasogezwa, na nikauona, juu, mrefu. Nikafungua gozi, nikahesabu kwa sauti kama nilivyofundishwa: moja, mbili, mpaka kumi. Nyuma yangu kwenye kiti cha mninga nikasikia Bibi Rosa naye anahesabu, polepole, mpaka kumi. Filomena alikuwa ameshika mkono wa kiti hicho, macho wazi, midomo imekauka.

"Sista," akasema, "nipo?"

"Upo. Endelea kunisema."

"Nukta," akasema. "Mama Nukta."

"Vizuri. Endelea."

Nilishona. Damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Mgongo ulikuwa unaniwaka moto na furaha imenipanda kichwani. Nikatoa gozi, nikazitupa kwenye beseni moja moja huku nahesabu, na nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda, "Kumi. Tumemaliza."

"Tisa," akasema Bibi Rosa.

"Bibi, ni kumi."

"Tisa. Ile ya nne ulitoa pembe yake ukasema nne, ukatoa iliyobaki ukasema tano. Gozi moja hiyo."

Nitasema ukweli. Nilikasirika. Nilikuwa na miaka mingi kazini, na huyu alikuja na kiti. Kwa sekunde moja nilifikiria kumwambia tumeshamaliza, bibi, pumzika. Hakuna ambaye angejua. Nikainama kwenye beseni nikazitandaza. Tisa. Nikazitandaza tena. Tisa.

Ya kumi ilikuwa ndani, imejikunja juu kabisa, imeloa na kufanana rangi na kila kitu. Ningeiacha, ingeoza. Filomena angerudi nyumbani mzima, na baada ya siku chache angeshikwa na homa, na kule mtoni wangesema, si tulisema hawa wanatutilia vitu? Na safari hii wangekuwa wanasema kweli.

Niliishika kwa koleo, nikamgeukia Bibi Rosa nimuonyeshe. "Kumi," nikasema.

"Kumi," akakubali. Akaegemea mgongo wa kiti chake.

Mtoto hakupewa jina langu, kama mnasubiri hilo. Alipewa la Rosa. Ni haki, yeye ndiye aliyehesabu.

Mtaambiwa chuoni kwamba dawa ya mama asiyewaamini ni elimu. Sikatai, elimisheni. Ila kabla ya kumfundisha, kaeni kwanza kwenye benchi lake mtazame anachokiona. Na kama ana bibi anayetaka kuingia, mpeni kiti.

Siku hizi mimi nakwenda kituo kilekile kwa ajili ya presha. Vibao vya namba bado vipo, vimepauka. Kadi zimepungua, binti wa zamu anaandika kila kitu kwenye kishikwambi. Mwezi uliopita nilikutana na Filomena kwenye benchi, naye anafuatilia presha kama mimi, tumekuwa wazee pamoja. Nilikuwa wa sita, yeye wa saba. Binti akaniita, mstaarabu, sauti nzuri, akaniuliza jina, umri, kijiji, akagusagusa kioo. Kioo kilikuwa kimemwelekea yeye. Kadi ningeigeuza nitazame kona zake. Hiki sikujua kona zake ziko wapi.

"Umeandika nini hapo, mwanangu?"

"Taarifa zako tu, bibi."

"Nigeuzie nione."

Akasita. Hajawahi kuombwa, nilimwona. Kutoka kwenye benchi Filomena akasema, "Mgeuzie, sista. Huyo asipoona tutalala hapa."

Binti akacheka, akakigeuza. Nikavaa miwani. Nikasoma jina, umri, kijiji, namba za presha. Hapakuwa na kingine. Nikarudia kutoka juu.

"Yamekaa sawa," nikasema, nikainuka.

Akaitwa namba saba. Filomena akarudisha kibao chake, akakaa kwenye kiti nilichotoka. Kabla hajafungua mdomo, yule binti alikuwa ameshakigeuza kishikwambi.